Bakshishi Isiyoshuka Ngazi

Niliondoka Kilungu kwa sababu Mwaitu alikuwa ameacha kumtaja ndugu yangu katika maombi ya jioni. Mwaitu ni mama yangu. Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, na mpaka leo sijui kumwita vingine. Kila jioni, kabla ya kupakua, alikuwa akituombea kwa majina. Baba hakutajwa, kwa kuwa alikuwa ameshafariki na kanisa letu haliombei wafu, lakini waliokuwa hai wote walipata zamu yao, hata ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Basi jioni moja, miaka ya themanini ikielekea kwisha, jina la Muthama likarukwa. Nikadhani amesahau. Kesho yake likarukwa tena.

Muthama ni mdogo wangu, na wakati huo alikuwa akifanya kazi katika meli ya watalii iliyokuwa ikitoka Mombasa. Waliajiriwa siku moja, yeye na kijana wa Kambu aitwaye Mwangangi. Meli ni hiyo hiyo na mwajiri ni huyo huyo, lakini Mwangangi alikuwa amejenga nyumba ya mawe na kununua pikapu, huku Muthama akituma pesa za sukari na sabuni, tena kwa kuchelewa. Alipokuja likizo alivaa shati lile lile la likizo iliyopita. Watu wa kwetu hawakosi jibu. Wengine walisema ni pombe, wengine wakasema ana mwanamke Mombasa. Naye Muthama hakuwa mtu wa kujieleza. Tangu utotoni ana kigugumizi, na akibanwa na swali neno humkwama kooni mpaka macho yanamtoka, kisha huinuka na kwenda kukata majani ya ng'ombe.

Jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko shati. Kule Zombe, upande wa Kitui, alikuwepo msichana aitwaye Syombua, mwalimu wa chekechea. Walikutana katika kongamano la vijana wa kanisa wakapendana, na wazazi wake walikuwa wakingoja sisi twende na mbuzi wa kwanza wa posa. Mwaitu alikataa.

"Nitaketi nyumbani kwa watu niulizwe mwanangu amefanya nini na mshahara wake, halafu niangalie miguu yangu?" alisema. "Asiyejenga haozwi."

Ndipo salamu zikaja kutoka kwa mke wa Mwangangi, kwamba msimu wa mvua meli huwa na vyumba vitupu, na mfanyakazi aliyedumu anaweza kumleta mtu mmoja wa kwao kwa nauli ndogo. Muthama alitaka mama aende. Mwaitu akasema hawezi kulala juu ya maji kama Yona. Akanigeukia.

"Nenda wewe, Nduku. Ukirudi uniambie pesa zake zinaliwa na nani."

Nilikuwa na cherehani yangu sokoni Nunguni, nikishona sare za shule. Nikaifunika kitambaa, nikamwomba jirani aangalie kibanda, nikaenda Machakos kutafuta karatasi ya kusafiria, maana siku hizo Makueni yetu ilikuwa bado ndani ya wilaya hiyo. Nilipewa ya Afrika Mashariki peke yake. Karani aliniuliza naenda wapi, nikamwambia Zanzibar, naye akanitazama kama mtu aliyesema anaenda mwezini.

Asubuhi ya kuondoka ukungu ulikuwa umelala juu ya vilima hata michungwa ya jirani haikuonekana. Mwaitu alinijazia kiondo machungwa, akanisindikiza mpaka pale njia inapoanza kuteremka, kisha akasimama. Nilipogeuka nilimwona bado amesimama, leso begani, hapungi mkono. Nimepita njia hiyo mara nyingi tangu hapo. Siku hizi ina lami. Kila nikifika pale bado naitazama ile sehemu aliyosimama.

Pale kituo cha Salama, kwenye barabara kuu, nilipata basi. Barabara ya Mombasa ukiishuka kutoka kwetu ni kama kuvua nguo moja moja: Sultan Hamud unafungua sweta, Emali unalivua, na ukifika Makindu unatamani kuvua na viatu. Upande wa kulia vilima vya Chyulu vilikaa vimefunikwa na wingu, na mibuyu ilikuwa imeota majani ya mvua. Njiani nilijizoeza maneno ya kumwambia Muthama. Nilikuwa dada mkubwa na nilikuwa na hasira ya kutosha.

Kambu nilishuka jua likiwa bado juu. Ndanu, mke wa Mwangangi, alikuwa na hoteli ndogo kando ya barabara ambapo madereva wa malori walisimama kunywa chai na kula ndengu kwa chapati. Alinipeleka nyuma kuiona nyumba. Nitasema ukweli, ilikuwa nyumba: milango ya buluu, saruji sakafuni, tangi la maji pembeni. Nikazipapasa kuta kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mshahara wa melini ni mzuri hivi?" nikamuuliza.

Ndanu akacheka. "Mshahara gani, dada? Mshahara ni wa chumvi. Hii nyumba imejengwa na tipu."

"Tipu ni nini?"

"Bakshishi. Mzungu akishakula wiki nzima, siku ya mwisho anampa aliyemhudumia bahasha. Mwangangi ana meza zake. Anawachekesha, anajua nani hali nyama na nani anataka chai bila maziwa. Wanampenda."

"Na Muthama hapewi?"

Aliinama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Hilo utamuuliza mwenyewe," akasema. "Mimi sijapanda hiyo meli."

Nililala kwake, na alfajiri akanipakia basi la Mombasa.

Bandarini Kilindini nilifika na kiondo changu nikaiona meli. Sijui niielezeje kwa mtu wa Kilungu. Chukua majengo ya soko la Nunguni, uyapange moja juu ya jingine, uyapake rangi nyeupe, halafu uyaweke majini. Nilimtafuta ndugu yangu kwa macho kati ya wale waliojipanga ngazini wakiwa na sare na glavu nyeupe, wakiwapokea wageni. Hakuwemo. Mwangangi alikuwemo, mrefu, meno yote nje.

"Karibu, dada Nduku! Muthama anakusalimu. Hawezi kuja huku juu sasa, utamwona kesho."

Huku juu. Niliyasikia maneno hayo lakini sikuyashika.

Nilipewa chumba kidogo kisicho na dirisha. Kilikuwa kimetandikwa vizuri mno, shuka zimenyooka pembeni kama karatasi mpya. Mtu mzima wa Kitaita aitwaye Mwakio ndiye aliyekisafisha asubuhi na jioni. Siku ya kwanza nilitandika kitanda mwenyewe kabla hajaja. Alipoingia akakitandua chote akakitandika upya, bila kusema neno, na mimi nikajiona nimemkosea bila kujua kosa.

Mezani niliketishwa na mama mmoja Mhindi aliyekuwa akisafiri peke yake. Alinitazama kidogo, akatabasamu, akasema, "Wakya?"

Nikaitikia "Aa" kabla ya kukumbuka kwamba niko baharini na aliyenisalimu kwa Kikamba amevaa sari. Jina lake lilikuwa Mama Zarina. Marehemu mumewe alikuwa na duka la vitambaa Kitui mjini, naye alikaa nyuma ya kaunta hiyo ujana wake wote, akiwapimia Wakamba marinda. Sasa aliishi Nairobi kwa mwanawe, na safari hii ilikuwa zawadi ya mwana huyo. Mtu anayeuza kitambaa na mtu anayekishona hawakosi la kuzungumza. Kuanzia hapo hatukuachana.

Ni yeye aliyenifundisha adabu za mle ndani. Tulipomaliza kula siku ya kwanza nilikusanya sahani, nikazipanga moja juu ya nyingine kama tufanyavyo nyumbani kumpunguzia kazi mwenye jiko. Mwangangi alifika mbio, akaninong'oneza, "Dada, tafadhali. Mkubwa wangu akiona mgeni anakusanya sahani, atauliza mimi nalipwa ya nini."

Nikaona haya, nikafungua kibeti nikamnyoshea noti. Akarudi nyuma kana kwamba nimemnyoshea nyoka.

"Weka, mama, weka," Mama Zarina akasema, akinishika mkono. "Si leo, na si hivyo. Siku ya mwisho. Ndani ya bahasha, mkononi mwake, na ukimtaja jina. Ukitoa hivi mbele ya watu unamfanya ombaomba. Ukiacha juu ya meza, hujui itachukuliwa na nani. Na sarafu usitoe kabisa, sarafu ni tusi."

Kwetu mtu akikupa maji humlipi. Ukimlipa umemwambia kwamba hamjuani. Nilimweleza hivyo Mama Zarina, naye akafikiri kidogo. "Ni kweli," akasema. "Lakini huku hamjuani. Ndiyo sababu bahasha ikatengenezwa."

Usiku na mchana ule wa kwanza nilimtazama Mwangangi akifanya kazi, na nikaacha kumwonea wivu nyumba yake. Aliwakumbuka wageni wake wote kwa jina. Mzee mmoja Mwingereza alikuwa akitetemeka mikono, na Mwangangi alimkatia nyama jikoni kabla ya kuileta, ili mzee asionekane. Hakuna aliyemtuma. Hiyo bahasha aliifanyia kazi.

Zanzibar tulishuka. Mama Zarina alitaka kununua karafuu, nami nilitaka kukanyaga ardhi tu. Tulizunguka katika vichochoro mpaka miguu ikauma, nikamnunulia Mwaitu leso, tukarudi. Jioni hiyo ndipo nilipomwona Muthama, katika ujia mwembamba karibu na mlango ulioandikwa kwamba wageni hawaruhusiwi. Alikuwa amekonda. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, akauliza habari za mama, habari za ng'ombe. Nikaona maneno yote niliyoyapanga ndani ya basi yananitoka.

"Kwa nini hukai huku juu na mwenzako?" nikamuuliza.

Akafungua mdomo. Neno likakwama. Akaangalia pembeni, mtu akamwita kutoka chini, akaenda.

Baada ya siku mbili baharini meli ilisimama kwenye kisiwa cha Madagaska. Wageni wote waliteremka na kofia zao. Mimi karatasi yangu haikuruhusu, kwa hiyo nilibaki juu pamoja na ukimya. Hapo ndipo Muthama alipokuja mwenyewe, akiwa ameomba ruhusa kwa bwana wake.

"Njoo u-u-uone," akasema.

Tulishuka ngazi, tukashuka nyingine, na nyingine tena. Zulia likaisha, ukuta ukaacha kupakwa rangi nzuri, hewa ikawa nzito. Alipofungua mlango wa mwisho nilipigwa na joto usoni kama mtu aliyefunua sufuria ya muthokoi. Ndani kulikuwa na mashine zinazonguruma, mvuke, na milima ya shuka, taulo na vitambaa vya meza. Wanaume walikuwa vifua wazi, jasho likiwatiririka. Palikuwa na pasi kubwa kama mlango, na Muthama ndiye aliyekuwa bwana wa pasi hiyo. Aliivuta, akaibana, mvuke ukafoka, akatoa shuka iliyonyooka kama ile ya kitandani mwangu. Mikono yake yote miwili, kutoka kiganja mpaka kiwiko, ilikuwa na alama za kuungua, nyingine kuukuu, nyingine bado mbichi. Nyumbani alikuwa akivaa mikono mirefu hata wakati wa jua. Hatukuwahi kujiuliza.

Pembeni palikuwa na kikapu cha mashati ya wageni yaliyotoka vifungo. Niliona sindano. Nikavuta debe, nikaketi, nikaanza kushona, kwa sababu sikuweza kusimama tu pale nikitazama. Na kwa sababu nilikuwa nikishona, simwangalii usoni, Muthama alianza kuzungumza. Nitaandika maneno yake moja kwa moja, bila vile vituo vyake. Mimi nilivingoja vyote, na hatukuwa na haraka.

"Mwanzoni waliniweka juu, pamoja na Mwangangi," alisema. "Safari moja tu. Mgeni aliniuliza supu ni ya nini. Nikajua ni ya nini, lakini haikutoka. Alingoja, mezani wote wakangoja, mmoja akacheka. Mkuu wa wahudumu akaniteremsha huku. Sikumlaumu. Kule juu mtu analipwa kwa mdomo."

"Na bakshishi?"

"Ile bahasha haishuki ngazi, dada. Mhudumu wa meza anapewa, anamkatia msaidizi wake, mkuu wao naye anachukua fungu lake. Wa vyumba anapewa yake. Mpishi hupata kidogo wakikumbuka. Dobi mgeni hamjui. Anaona shuka safi, anampa aliyeitandika. Sisi ni mshahara tu, na huo mshahara ndio ule ninaotuma. Nikitoa chakula cha bandarini, hakuna kingine."

"Mwangangi hajawahi kukupa?"

"Ananipa soda. Jaketi lake nalipiga pasi kwanza. Si mtu mbaya."

"Kwa nini hukumwambia Mwaitu?"

Hilo lilichukua muda. "Nimwambie nini? Kwamba nimepanda meli kwenda kufua? Kwetu mwanamume akionekana mtoni anafua shuka, watu watasema nini? Bora waseme ni mlevi. Mlevi angalau ni mwanamume."

Nikajichoma sindano. Wenzake walikuwa wakisikiliza ingawa walijifanya hawasikii. Mmoja wao, mzee kidogo, akasema kwa sauti juu ya mashine, "Mama, huyu ndugu yako ametuokoa hapa. Mwaka jana bomba la mvuke lilipasuka, yeye ndiye alifunga kwa mikono yake. Alikwambia?"

Hakuwa ameniambia. Niliendelea kushona mpaka wageni wakarudi na kikapu kikaisha. Najua wanawake hulia, lakini mimi siku hiyo sikulia. Nilishona vifungo vya watu nisiowajua kwa nguvu hata sidhani vilikatika tena.

Chakula cha jioni Mama Zarina aliniuliza nimekula nini kilichonibadilisha uso. Nikamweleza yote. Aliiangalia sari yake, akakishika kitambaa cha meza kwa vidole viwili kama alivyokuwa akishika marekani dukani Kitui.

"Maisha yangu yote nimetoa bakshishi mahotelini," akasema. "Nilidhani inafika kwa wote. Nilidhani ni kama maji, ukimwaga juu yanashuka."

Siku ya mwisho kabla ya kufika Mombasa, bahasha ziliwekwa vyumbani, nyeupe, ndogo. Nilimwekea Mwakio nilichoweza, na kwa kuwa kilikuwa kidogo nilimpa na machungwa yote yaliyobaki. Alinusa moja akafumba macho. Akasema kwao Wundanyi yako kama haya, na hajafika huko tangu mvua za mwaka jana.

Mama Zarina alikuwa na bahasha tatu. Ya Mwakio, ya Mwangangi, na ya tatu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: DOBI. Wakati wa kiamsha kinywa alimwita mkuu wa wahudumu, mwanamume mnene mwenye tai, raia wa nchi za huko Ulaya, akamwambia anataka kumpa dobi bahasha yake mkononi. Bwana yule aliinama kwa adabu, akanyosha kiganja, akasema yeye atamfikishia.

"Sikukuomba unifikishie," Mama Zarina akasema. "Nimekuomba aje."

Bwana akasema wafanyakazi wa chini hawaingii chumba cha kulia. Ni sheria. Mama Zarina akasema basi yeye atashuka. Bwana akasema wageni hawashuki. Ni sheria pia. Alisema yote haya akitabasamu, na meza za jirani zikaacha kula.

Nilimtazama Mwangangi. Alikuwa amesimama na birika la kahawa. Nilijua nyumba yake, na nilijua kwamba meza zile nzuri za dirishani hupangwa na yule yule mwenye tai. Nafikiri naye alikuwa akiiona nyumba ile, milango yake ya buluu, mabati ya hoteli ya Ndanu ambayo hayajakamilika. Kisha akaliweka birika juu ya meza yetu, polepole, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Alirudi na Muthama. Alikuwa amemvisha jaketi lake yeye mwenyewe, jeupe, fupi mikononi, na Mwangangi alibaki na shati. Chumba kizima kikageuka. Muthama alitembea akiangalia zulia mpaka akafika kwetu. Mama Zarina alisimama, na hapo nilijua ana umri gani kwa jinsi alivyoshikilia kiti. Akampa bahasha kwa mikono miwili.

"Muthama," akasema. "Nĩ mũvea."

Hiyo ni asante ya kwetu. Muthama akajaribu kujibu. Neno likakataa. Yule mzee Mwingereza wa mikono inayotetemeka akainuka mezani kwake, akaja, akamshika mkono bila kusema lolote, akatia kitu mfukoni mwa jaketi. Mwanamke wa meza nyingine akafuata. Wengine waliyarudia mayai yao, na sitawalaumu, maana hawakujua wanaangalia nini. Bwana mwenye tai alikuwa bado anatabasamu, lakini masikio yalikuwa mekundu.

Nilisikia baadaye kwamba Muthama alipofika chini alifungua bahasha mbele ya wenzake wote wakagawana sawasawa, wa pasi na wa mashine na wa kukunja. Na Mwangangi alinyang'anywa meza za dirishani kwa muda mrefu, akawekwa karibu na mlango wa jikoni ambako wageni hawapendi kukaa. Nilipopita Kambu nikirudi, nilimweleza Ndanu mwenyewe, kwa sababu niliona afadhali alisikie kwangu. Alizidi kukanda unga. "Basi mabati yatangoja," akasema, na akanifungia chapati za njiani.

Kilungu nilifika jioni, mvua ikinyesha, na nyumba ikinuka moshi na udongo. Mwaitu alinivua kiondo mgongoni. Hakuuliza. Alinipa maji, akanipa chakula, akangoja nimalize kama anavyofanyiwa mgeni. Ndipo nikamwambia kila kitu, joto, mikono, supu, bahasha. Nilipofika kwenye mikono aliacha kuchambua ndengu. Nilipomaliza akasukuma kuni motoni.

"Huko chini kuna dirisha?" akauliza.

"Hakuna, Mwaitu."

Akaziweka ndengu kando. Kisha alipoinamisha kichwa kuomba, jina la kwanza kutoka kinywani mwake lilikuwa la Muthama, na aliliweka kabla ya langu mimi niliyekuwa nimeketi pale.

Tulienda Zombe mavuno yalipokwisha, Muthama akiwa likizoni, na mjomba wetu kama msemaji na mbuzi tuliowabeba kwa pikapu ya Mwangangi, aliyekataa katakata kulipwa mafuta. Ni safari ndefu, kutoka vilima vyetu mpaka vumbi lile jekundu la Kitui mashariki. Tulipokelewa vizuri, tukanyweshwa uji. Kisha baba yake Syombua akauliza lile swali. Kijana anafanya kazi gani?

Mjomba akakohoa. "Yuko melini," akaanza, "kazi za huko, za serikali ya meli, za..."

"Ni dobi," Mwaitu akasema.

Kwa desturi hakupaswa kusema hapo. Wazee wakamgeukia.

"Mwanangu anafua shuka za watu," akaendelea. "Anazipiga pasi mahali pasipo na dirisha. Mikono yake imeungua, waonyeshe, Muthama. Yeye haletewi bahasha na wageni, kwa sababu hawamwoni. Na siku aliyoletewa, aligawana na wenzake. Mtoto wenu hatajengewa haraka. Hilo sitawadanganya."

Muthama alikunja mikono ya shati. Baba yake Syombua aliinama akaitazama kwa makini, kisha akajiegemeza kitini.

"Wa haraka tumewaona hapa," akasema. "Wengi tu."

Basi wakatuletea chakula. Miaka imepita. Ile meli haiji tena Mombasa, na Mama Zarina tuliandikiana kadi za Krismasi mpaka zake zikaacha kuja. Mwaitu naye ametangulia, na sisi kwa imani yetu hatumtaji katika maombi, ingawa kuna jioni ulimi wangu huanza. Muthama na Syombua wana nyumba yao Nunguni, ilichukua muda, na chini yake ana duka la dobi.

Kuhusu bakshishi nilijifunza jambo dogo tu. Siku hizi nikialikwa harusini au nikilala hotelini, humpa bahasha aliyenihudumia, kwa jina lake, kama Mama Zarina alivyonifundisha. Kisha huuliza mlango wa nyuma uko wapi. Wahudumu hushtuka, hudhani nina malalamiko. Nikifika huko nyuma, kwenye moshi na mabeseni, walio huko nao pia hushtuka, huacha kazi, hujipangusa mikono na kunitazama wakijiuliza mama huyu amepotea vipi. Nami huwaambia hapana, sijapotea, nimekuja kusalimia.